Mikono Miwili ya Kushoto

Mtaani walimwita Zimamoto, na jina hilo hakulipata bure. Palipotokea ugomvi wa mke na mume, au mtoto kufukuzwa shule, au mgonjwa kuanguka bafuni, yeye ndiye aliyefika wa kwanza, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwikoni, akitoa amri kabla hajavuka kizingiti. Alikuwa amepika miaka mingi katika shule ya bweni, na ile sauti ya kupita juu ya masufuria na mamia ya watoto hakuirudisha kwa mwajiri alipostaafu. Watu walimpenda. Wengine, akishaondoka, walikausha maji sakafuni na kukiri kwamba moto wenyewe ulikuwa mdogo.

Basi mumewe alipofariki, Zimamoto alifanya anachokijua. Alipokea wageni, akawapangia pa kukaa, akawanyamazisha waliolia kupita kiasi, akamkemea shemeji yake kwa kuzimia kabla chakula hakijapakuliwa. Yeye mwenyewe hakulia. "Nikilia mimi, nani ataosha masufuria?" aliuliza, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kinyozi hajinyoi, lakini siku ile hakuna aliyekumbuka kusema hivyo.

Nyumba yao ilikuwa na duka la ushonaji mbele, likitazama barabara, na nyuma vyumba viwili na ua mdogo wa saruji. Duka lilianzishwa na huyo mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mzee hata nywele zake zilipokuwa nyeusi. Mwana wao aliitwa Jicho, kwa sababu alikuwa akikutazama tu ukivuka barabara anakutajia upana wa mabega yako, na futi ikija kupima inamkuta yupo sahihi. Mke wa Jicho aliitwa Bi Pini. Sababu uliiona ukiingia tu dukani: pini zilikaa midomoni mwake safu nzima, vichwa nje, na ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu wake. Mafundi wengi hukunja kitambaa mara mbili, wakakata mara moja, na mikono ya koti ikatoka jozi, wa kushoto na wa kulia, bila mtu kuumiza kichwa. Mzee hakukubali. Kitambaa kilichokunjwa, alisema, kinateleza chini kwa chini, tabaka la juu linakuchekea huku la chini linakuibia. Yeye alikitandika wazi, tabaka moja, juu ya meza ndefu. Aliweka karatasi ngumu yenye umbo la mkono, akaizungushia chaki, na Jicho akakata. Kisha Mzee aliigeuza karatasi ile kifudifudi, ili mkono wa pili uelekee upande wa pili, na kila alipoigeuza alisema, "Na mwenzake." Kila koti, kila shati, miaka nenda miaka rudi. Zimamoto alilisikia neno hilo kutoka jikoni mpaka akafikia mahali hakulisikia tena, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga.

Mzee aliugua ghafla na hakukaa sana kitandani. Baada ya msiba Jicho alirudi mezani, kwa sababu mama yake alimwambia arudi. "Jikaze," alimwambia. "Baba yako hakuacha duka ili buibui wapate pa kulala." Jicho akajikaza. Akatandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akakata mwenyewe. Lakini ule utani wake na wapita njia ulikwisha. Mtu mnene alipita, mtu mwembamba alipita, na yeye hakuinua hata uso.

Zimamoto aliona mwanawe anadidimia, na kwa kuwa moto lazima uwe na aliyeuwasha, alimtafuta. Hakwenda mbali. Alimwona pale pale nyuma ya cherehani, na mdomo uliojaa pini.

Kwanza, huyu mkwe hakuwa amelia vizuri msibani. Pili, alikuwa na mambo yake. Kila siku baada ya chakula cha mchana alizima cherehani, akazitoa pini moja moja, akapeleka vigoda mlangoni. Alikalia kimoja. Jicho, atake asitake, alikalia kingine. Kisha Bi Pini alimwonyesha kifua kwa kidevu na kumuuliza, "Huko ndani leo kukoje?"

"Kubaya," Jicho angesema. Siku nyingine, "Giza." Siku nyingine hakujibu kabisa.

"Haya," angesema Bi Pini.

Basi. Wangekaa hapo bega kwa bega wakitazama baiskeli na magari hadi chai iishe, kisha warudi kazini.

"Ndiyo dawa hiyo?" Zimamoto alimuuliza siku moja, hakuweza kuvumilia. "Mtu anakwambia ndani giza, unamwambia haya? Kama anakutajia bei ya nyanya?"

"Nisemeje, mama?"

"Mpe moyo! Mwambie yataisha! Mwambie ajikaze!"

"Ajikaze kwa wewe, ajikaze kwa mimi, atapumua wapi?" Bi Pini alisema hivyo kwa upole, akasogeza kigoda cha tatu. "Na wewe, mama? Huko ndani leo kukoje?"

"Ndani kwangu kuna moshi wa jiko ambalo halijafagiliwa," alijibu Zimamoto, akaenda kulifagia.

Tena kulikuwa na lile jambo la sahani. Zimamoto ndiye aliyepika na kutenga. Lakini kila mara, alipogeukia jiko kuchukua upawa, mkwe wake alipita nyuma yake kimya kimya, akachukua sahani moja kutoka mezani na kuirudisha kabatini. Hakuomba ruhusa wala hakutoa maelezo. Zimamoto aliliona kwa pembe ya jicho na damu ikamchemka. Yeye, aliyelisha shule nzima, leo anasahihishwa meza na mtu asiyejua kuivisha maharagwe! Aliliweka jambo hilo moyoni, mahali alipoweka mengine.

Wiki moja Jicho alimfuata uani alipokuwa akianua nguo.

"Mama, naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Binamu ana safari ya mbali Jumamosi asubuhi. Anatafuta mtu wa kumsaidia kwenye lori, na akimzoea atampa usukani. Nimekubali."

"Na duka?"

"Mke wangu anajua kushona. Atatafuta mkataji mwingine."

"Utarudi lini?"

Jicho alichukua shati kwenye kamba, akalikunja, akalikunjua. "Sijui, mama. Nikiwa pale mezani nasikia kama nazama. Labda nikiwa mbali nitakuwa mtu tena."

"Mkeo anajua?"

"Nitamwambia."

"Mkasi unaubeba?" Ulikuwa mkasi wa Mzee, mzito, mpini wake umelika kwa kidole gumba cha baba na cha mwana.

"Mkasi nauacha."

Hapo ndipo Zimamoto alipoelewa. Fundi akisafiri na mkasi wake, utamngoja. Akiuacha, ametoka moja kwa moja. Hakuwa anapoteza duka, duka ni mbao na bati. Alikuwa anapoteza mtoto, na mtoto huyo alikuwa anapoteza nyumba yake bila hata kugombana nayo. Usiku ule hakulala vizuri, na alipoamka alikuwa ameshaamua nani wa kulaumiwa.

Alimngoja Jicho atoke kwenda kununua vifungo, akaingia dukani na sauti yake ya bweni.

"Mume wako anakuponyoka," alisema, "na wewe umejaza mapini mdomoni!"

Bi Pini alizitoa pini taratibu, akazipanga mezani. "Jumamosi asubuhi," alisema. "Na lori la binamu yake."

Zimamoto alikuwa na maneno mengi tayari. Likatoka moja tu. "Amekwambia?"

"Hajaniambia. Nimelikuta begi uvunguni. Mkanda wake ulikuwa umekatika, nimeushona."

"Umeushona! Mtu anakukimbia, unamshonea begi?"

"Nikimfungia mlango atapita dirishani, mama. Akienda, aende na begi zima." Akageukia meza ya kukatia. "Ila sitaki aende akidhani anakimbia duka, kumbe anachokikimbia amekibeba. Njoo uone."

Juu ya meza palikuwa na vipande vya kitambaa chekundu cha makoti ya bendi ya shule. Mwalimu wa bendi alikuwa amekileta mwenyewe, kitambaa kinachong'aa upande wa uso na kufifia upande wa mgongo, pamoja na kingine cha ziada cha kofia. Bi Pini alichukua mikono miwili akailaza, uso juu.

"Unaona nini?"

"Mikono ya koti."

"Ya upande gani?"

Mke wa fundi hashoni, lakini ana macho. Zimamoto aliinama. Mikono yote miwili ilipindia upande mmoja. Akachukua jozi nyingine. Ile ile. Nyingine. Ile ile.

"Yote ya kushoto," alisema polepole.

"Makoti yote, mama."

"Amelewa?"

"Angekuwa amelewa ningefurahi, ulevi unaisha asubuhi. Amekuwa akikata hivi tangu arudi mezani. Mzee ndiye aliyekuwa akigeuza karatasi. Mkono wa Jicho unajua kukata. Kugeuza haukuwahi kuhitaji kujua."

"Mbona hatujarudishiwa nguo hata moja?"

"Vitambaa vilivyopita havikuwa na uso wala mgongo. Nilichukua mkono wa kushoto wa pili, nikaulaza kifudifudi, ukawa wa kulia. Nikashona, mteja akaondoka akicheka. Nilisema nimpe nafasi, siku moja atageuza mwenyewe. Hiki hakigeuziki. Mkono mmoja utang'aa na mwingine utakuwa kama wa koti la mtu mwingine."

Zimamoto akawa Zimamoto tena. "Basi sikiliza. Asijue. Tutatafuta kitambaa kingine, na mwalimu tutamwambia pasi imeunguza. Pasi yako naijua, lawama itaipokea."

Bi Pini alicheka, mara moja tu. "Nimeficha vya kutosha, mama. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nilidhani namsaidia, kumbe nimemwacha peke yake na jambo ambalo hata yeye halijui. Nitashona koti moja hivi hivi lilivyo, na atalivaa."

"Atavunjika."

"Amekwisha kuvunjika. Nataka aone ni wapi, asidhani ni kila mahali."

Zimamoto alimtazama mkwe wake kwa makini, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. Aliona macho mekundu, na kwenye midomo alama ndogondogo za pini. "Hizo pini," alisema, "iko siku utazimeza."

"Ndiyo maana naziweka. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kulia, mama. Najaribu kutolia mbele ya watu wawili waliochoka."

Zimamoto alirudi jikoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Yeye alikuwa amezima mioto ya mtaa mzima, na sifa zake zilijulikana hadi sokoni. Lakini yeye alipofika penye moto alimwaga maji na kuondoka. Huyu msichana alikuwa amekaa ndani ya moshi siku zote hizo, anauliza kila siku moto umefika wapi, na jioni anarudi kwenye cherehani. Mtu wa namna hiyo Zimamoto hakuwa amewahi kumwona, na alikuwa akilala ukuta wa pili. Aliona haya, na chini ya haya hiyo aliona fahari, kwamba mwanawe mjinga alijua kuoa. Hakwenda kumwambia. Aliivisha maharagwe vizuri kuliko kawaida, akaona ujumbe umefika.

Jumamosi ilikuja. Jicho aliamka mapema, akanyoa ndevu, begi likatoka uvunguni na kukaa karibu na mlango wa duka, mkanda wake ukiwa na mshono mpya ambao hakuuona au alijifanya hakuuona. Alikuwa akitafuta namna ya kuanza. Mkewe alimwahi.

"Kabla hujaenda, nivalie hili koti. Mwalimu wa bendi kifua chake ni kama chako."

"Kabla sijaenda wapi?"

"Vaa kwanza."

Alivaa. Kola ililala vizuri, kifua kilikaa, mkono wa kushoto ulishuka kama maji. Mkono wa kulia ulikuwa kituko. Ulipindia nyuma, kiwiko kikitazama mbele, na yeye ndani yake akawa kama mtu anayejaribu kujikuna katikati ya mgongo na kushindwa.

Jicho alijiangalia kwenye kioo. "Umekosea kushona," alisema.

"Sijakosea."

Alilifunua bega la koti, akaukagua mshono. Ulikuwa sawa. Akaenda kwenye rundo la mikono iliyokatwa, akachukua mmoja, akachukua mwingine, akapandanisha. Akachukua mwingine. Mikono yake ikaenda mbio, kisha ikaenda polepole, kisha ikasimama.

"Yote?"

"Yote."

"Na yale mashati ya mwezi uliopita? Na makoti ya walinzi?"

"Nilikuwa nageuza."

Wakati huo Zimamoto alikuwa amesimama mlangoni kutoka jikoni, sinia la chai mikononi. Aliona mwanawe anaketi kwenye kigoda cha baba yake, koti limemvaa vibaya, uso hauna damu. Neno "jikaze" lilimpanda hadi kooni. Alilijua, lilikuwa neno lake la kazi. Kwa mara ya kwanza maishani alilimeza.

"Natandika," alisema Jicho, akiwa haangalii mtu. "Nachora mkono wa kwanza, nakata. Halafu nasimama. Kila mara nasimama, mke wangu. Nasubiri aseme 'Na mwenzake.' Nakaa nasikiliza kama mjinga. Hasemi. Naogopa kile kimya, naweka karatasi haraka haraka, nakata ili kiishe." Akafuta uso kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa huru. "Sikujua kuwa sigeuzi. Wallahi sikujua."

Bi Pini alipiga magoti mbele yake, akamshika magoti. Hakusema pole wala hakusema yataisha. "Haya," alisema, na safari hii hata Zimamoto alisikia ndani ya neno hilo kilichokuwamo siku zote: nimesikia, nipo, endelea.

Jicho aliinua macho, akamwona mama yake mlangoni. Akaliangalia sinia.

"Mama," alisema. "Kikombe cha nne ni cha nani?"

Zimamoto aliangalia sinia. Chake. Cha Jicho. Cha mkwe. Na kile cha Mzee, chenye ufa kwenye kishikio, ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukinywea, kimejaa, sukari imekorogwa. Alikikoroga mwenyewe dakika hiyo hiyo. Zile sahani zilimrudia zote kwa pamoja, sahani moja inayochukuliwa kimya nyuma ya mgongo wake mchana, jioni, mchana.

"Kila siku?" alimuuliza mkwe wake.

"Kila siku, mama."

"Na hukuniambia."

"Nilikukosea wewe pia. Nilikuficha kama nilivyomficha yeye." Bi Pini aliinuka, akamsogelea. "Huko ndani leo kukoje, mama?"

Sinia likaanza kulia, vikombe vikigongana. "Kubaya, mwanangu," alisema Zimamoto, na ile sauti ya bweni haikuwepo. "Kubaya sana. Nimemkosa yule mtu. Namkosa hata kukoroma kwake, na kukoroma kwenyewe nilikuwa nakuchukia."

Jicho aliruka kulipokea sinia. Lakini alisahau amevaa nini. Mkono wa kushoto ulifika, wa kulia ukakwama nyuma kwenye ule mkono uliopinda, sinia likainama na chai ikamwagikia suruali yake. Akapiga yowe. Mama yake, machozi yanamtiririka, akaanza kucheka, na Jicho akacheka kwa maumivu, na akiwa katikati ya kicheko akajikuta analia kifuani kwa mama yake kama alivyokuwa hajalia tangu siku ya msiba. Zimamoto alimshika kichwa. "Lia, baba," alimwambia. "Lia, masufuria yatajiosha."

Hapo honi ikalia barabarani.

Ililia tena. Jicho alijitoa mikononi mwa mama yake, akajifuta uso, akalitazama begi. Akaliokota, akatoka nalo, bado amevaa lile koti.

Zimamoto alitaka kumkimbilia. Miguu yake ilishaanza. Bi Pini alimshika kiwiko. "Mwache, mama. Ameshaona anachokiacha."

"Na asiporudi?"

 Mkono wa Bi Pini ulikwenda kwenye kikopo cha pini, ukatulia juu yake, ukaondoka mtupu. Alichukua kile kitambaa chekundu cha kofia, akaanza kukitandika mezani, tabaka moja, wazi. "Hiki kinatosha mikono ya kulia," alisema. "Ile ya kushoto iliyozidi tutaikata kofia. Nilishapima." Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Zimamoto alimtazama akinyoosha mikunjo isiyokuwepo. Akafikiria siku zote zile za vigoda mlangoni, jinsi swali lilivyotoka kwa mkwe wake kwenda kwao wawili, na jinsi ambavyo halikuwahi kurudi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza.

"Na wewe, mwanangu?" alisema. "Huko ndani leo kukoje?"

Bi Pini alisimama. Midomo yake, isiyo na kitu cha kuishikilia, ikaanza kutetemeka. "Naogopa, mama," alisema. "Naogopa sana. Mzee alikuwa baba yangu pia, na sasa nasikiliza injini."

Zimamoto alikuwa na ushauri wa miaka sitini tumboni. Aliuacha huko huko. "Haya," alisema. Alizunguka meza, akashika ncha ya pili ya kitambaa, akasimama naye. Mkwe wake alilia, naye akalia, na kitambaa kikabaki kimenyooka katikati yao.

Nje injini ilinguruma. Lori likaondoka, walisikia likibadilisha gia kwenye kona, kisha likapotea. Hakuna aliyethubutu kuutazama mlango.

"Binamu ameniuliza," ilisema sauti pale pale mlangoni, "ni dereva gani anayeshika usukani kwa mgongo. Nikamwambia hana haja ya kujua, safari hii aende mwenyewe." Jicho aliliweka begi chini. Akapitisha kidole kwenye mshono mpya wa mkanda, akamtazama mkewe muda mrefu. "Bado kubaya," alimwambia.

"Haya," alisema Bi Pini, akicheka na kulia.

Jicho alilivua lile koti, akalitundika ukutani, mahali ambapo wateja wataliona na kuuliza. Mama yake akainywa chai iliyobaki kwenye kikombe cha nne, ya moto nusu, kwa kuwa chai haitupwi. Kisha Jicho akaja mezani, akauchukua mkasi. Alilaza karatasi ngumu juu ya kitambaa kama mkono wake ulivyozoea, kwa upande wa kushoto. Akaichukua chaki. Akasimama.

Kimya kiliingia dukani. Wote watatu walikijua sasa ni kimya cha nani.

Zimamoto alikohoa. "Na mwenzake," alisema kwa sauti iliyopasuka, akanyoosha mkono, akaizungusha karatasi, kichwa chini, miguu juu.

Jicho aliitazama. Bi Pini aliitazama.

"Mama," alisema Bi Pini, akijizuia, "umeizungusha. Bado ni wa kushoto. Geuza, kifudifudi."

"Miaka yote nimemsikia akisema, hakuna siku nilikuja kuona anafanyaje!" alifoka Zimamoto, na duka likajaa kicheko ambacho mtu wa upande wa pili wa barabara alikisikia. Bi Pini akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama mkwe, wakaishika karatasi pamoja, wakaigeuza.

"Na mwenzake," alisema Zimamoto tena.

Jicho akaizungushia chaki, akaingiza mkasi, akakata mkono wa kulia.